Bibi Aliuliza Kama Naye Yumo, Nikamjibu Mimi

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema, maana mimi ni hodari wa kujieleza na watu huishia kunipa pole nisiyostahili. Sikudanganywa na mtu, sikulazimishwa, wala shetani hakunishika mkono. Nilifanya mwenyewe, mchana kweupe, kwaya ikiimba!

Jina langu silitaji, na la kijiji changu pia liache. Jua tu niko huku upande wa Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu, na kwamba kanisani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri. Mgeni akija na Kiswahili chake cha mjini, mimi nasimama ubavuni mwake na maiki ya pili, nageuza maneno yake kwa Kigogo ili wazee wetu waelewe. Vijana hawanihitaji. Lakini wazee wengi Kiswahili chao ni cha salamu na cha sokoni. Kikishapita hapo wanakutazama mdomo tu.

Nilikuwa mzuri, jamani, nisiongope. Mhubiri akiruka naruka, akilia nalia. Watu walisema wananielewa mimi kuliko mgeni mwenyewe, na kichwa kikanivimba.

Sasa sikiliza.

Kijijini kwetu kuna bibi mmoja. Nimwite Bibi Mele, ingawa silo jina lake. Zamani alikuwa ngariba. Alinikeketa mimi, akawakeketa wenzangu, na mwaka mmoja, baada ya mavuno, akamkeketa mdogo wangu, Nyemo. Damu ya Nyemo haikukata. Mama alimbeba mgongoni kuelekea zahanati, mimi nikikimbia nyuma yao na kibuyu cha maji. Hakufika. Nilijua hakufika kwa sababu mkono wake ulikuwa umeanza kuning'inia, lakini mama alikataa kumshusha. Aliendelea kutembea naye hivyo hivyo hadi mlangoni kwa mganga wa zahanati.

Nilikuwa mtoto, ila chuki niliyoipata siku ile haikuwa ya kitoto.

Wakubwa waliyamaliza mambo yao kikubwa. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyefokewa mbele yetu. Bibi Mele aliendelea kukaa ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba yake ya tembe yenye ua wa minyaa, na watu wakaendelea kumpa shikamoo. Mimi hapana! Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikaokoka, nikabatizwa, nikashuhudia mbele ya kanisa kwamba nimewasamehe wote walionikosea. Nikikutana na yule bibi njiani najifanya naangalia simu. Kabla ya kumiliki simu nilikuwa naangalia mbuzi wa watu.

Ndipo likaja lile juma la mkutano wa injili.

Zabibu zilikuwa zimeshavunwa, watu wana nafasi. Turubai likafungwa kwenye uwanja karibu na josho la ng'ombe, spika zikapangwa, upepo wetu wa Dodoma ukamwaga vumbi kwenye kila sufuria. Mhubiri alitoka mjini. Kijana mpole, miwani, viatu vyake vyeupe vikawa vyekundu siku ya kwanza tu, naye akacheka. Nilimpenda. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Ujumbe wake ulikuwa mmoja: Mungu anataka watu wote waokolewe. Wote! Alilirudia hilo neno mpaka kwaya wakaanza kutabasamu. Alisema Mungu hana orodha ya watu aliowaruka. Alisema hata yule ambaye kijiji kizima kimeshamkatia tamaa, Mungu bado anamtaka, na anamtaka leo. Na mimi nikageuza neno kwa neno, tena kwa utamu, mpaka mzee mmoja mchunga ng'ombe aliyekuja kutazama tu akavua kofia.

Nakuapia, nilipokuwa natafsiri niliyaamini. Sikumfikiria mtu yeyote. "Wote" ni neno rahisi sana ukiwa na maiki.

Mwisho wa mahubiri akawaita wanaotaka kuombewa. Wakapanga mstari, kwaya ikapandisha wimbo, ngoma na kinanda, husikii hata unachowaza. Mhubiri akashuka jukwaani, akawa anapita kwa mmoja mmoja na mimi nyuma yake, bila maiki sasa, nasikiliza shida ya mtu na kumwambia.

Nikainua macho, nikamwona Bibi Mele yuko kwenye mstari!

Kanga yake aliifunga vizuri. Fimbo mkononi. Masikio yake yamekuwa mazito siku hizi, kwa hiyo ilibidi niiname hadi kwenye sikio lake. Miaka yote ile sijawahi kumkaribia kiasi kile. Alinukia moshi na mafuta ya alizeti, kama bibi yeyote.

Nikamuuliza kwa Kigogo, "Unataka aombe nini?"

Akanitazama. Alinijua, usifikiri hakunijua. Akasema, "Muulizie kitu. Hao wote anaowasema, na mimi nimo? Mikono yangu hii imekata watoto wa watu. Mmoja alikufa, na wewe unamjua. Muulize kama nimo."

Mungu wangu! Yule bibi aliuliza swali hilo kwangu. Kwangu mimi, dada yake Nyemo! Angeweza kungoja mchungaji wetu, angeweza kumtuma mtu. Alikuja pale akijua nani amesimama katikati, akaliweka mkononi mwangu.

Mhubiri akaniinamia, "Bibi anasema nini?"

Nikasema, "Anasema magoti yanamsumbua."

Ndiyo. Magoti! Lilitoka lenyewe, laini kabisa, kama nililiandaa nyumbani.

Basi yule kijana wa watu akapiga magoti yeye, kwenye vumbi, akashika magoti ya bibi kwa mikono yote miwili na kuyaombea. Aliomba kwa muda mrefu, kwa upendo. Bibi Mele akamtazama kichwani akisubiri. Mhubiri alipomaliza akasimama na kuniambia, "Mwambie Mungu anampenda sana, na hajamsahau hata siku moja."

Nikainama tena sikioni. Nikasema, "Anasema wewe hapana. Anasema damu ya mtoto inakudai."

Hakulia. Ningependa kukuambia alilia, maana mimi nilitaka alie. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea, akasema, "Nilijua." Akageuka na fimbo yake, akaondoka kupitia nyuma ya spika.

"Amefurahi?" mhubiri akaniuliza.

"Amefurahi," nikasema.

Unadhani dhamiri ilinisumbua? Wapi! Nilikula ugali na mlenda nikaongeza. Nilijiambia sijamwonea, si kweli damu inamdai? Nilijiambia Mungu mwenyewe ananielewa. Mhubiri aliporudi mjini alikuwa akinipigia simu mara kwa mara kuulizia wale walioombewa, na kila mara hakosi kuuliza, "Na yule bibi wa magoti?" Nami najibu anaendelea vizuri.

Masika yakapita. Wamama wa kanisa wakaenda kumtembelea Bibi Mele kwa kuwa alianza kudhoofika. Walirudi wakishangaa. Aliwapokea vizuri, akawapa viti, lakini walipotaka kuomba akawazuia kwa adabu. "Anasema tusijisumbue," mwenzangu mmoja akanisimulia tukipogolea zabibu. "Anasema yeye alishaulizia, akajibiwa. Aliulizia wapi, huyu mama?"

Nikasema sijui. Mkasi ukanikata kidole.

Lakini kilichonivunja hakikuwa hicho. Ni kaburi.

Nyemo amezikwa kwenye mahame yetu ya zamani, mahali tulipohama mimi nikiwa binti. Nilipitia huko natafuta mboga za porini, nikakuta majani yamelifunika kaburi mpaka mawe hayaonekani. Nikashtuka. Miaka yote nikipita pale huwa pamefagiliwa, mawe yamepangwa. Siku zote nilijua ni mama anayepatunza, na sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa mambo ya Nyemo hatuyaongei nyumbani.

Nikamkuta mama uani anapepeta uwele. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia, "Mama, mbona kwa Nyemo umepaacha?"

Ungo ukasimama. "Mimi? Mimi sijawahi kufika pale tangu tulipomzika. Siwezi."

"Sasa nani alikuwa anapalilia?"

"Si Bibi Mele," akasema, kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Tangu mwaka ule ule. Wembe wenyewe aliutupa korongoni siku ya tatu ya msiba, hakushika tena mtoto wa mtu. Watu walimfuata kutoka vijiji vingine akawafukuza. Lakini baada ya ule mkutano wenu nasikia amesema hana ruhusa ya kukanyaga pale."

Nilikaa chini. Si kwenye kigoda, chini! Nikamweleza mama yote. Swali la bibi, magoti, na nilichomwambia sikioni. Nilidhani atanifokea, na nilitaka anifokee. Nilitaka hata anizabe kibao kama zamani.

Mama hakuniangalia. Aliendelea kuokota punje zilizomwagika, moja moja.

"Ulifikiri siku ile ya Nyemo alikuja mwenyewe?" akasema mwishowe. "Baba yako alitaka tungoje, mtoto akomae kidogo. Mimi ndiye niliyesema hapana, wenzake watamcheka. Nilivuka korongo kwa miguu yangu kumwita. Na siku yenyewe, mwanangu, yeye alishika wembe. Mabega ya Nyemo niliyashika mimi."

Nikaanza kuokota punje naye.

"Sasa kama yeye hapana," mama akasema, "mimi ulinijibia nini?"

Jamani! Jamani! Mama yangu ni mtu wa benchi la mbele. Alibatizwa kabla yangu, ndiye aliyenifundisha kuomba kabla ya kula. Nilimshika miguu, nikamwambia, Mama, wewe umeokoka, wewe umesamehewa, ni mimi niliyedanganya, Mungu hakusema vile. Akaniambia, "Sawa." Ile sawa ya mtu anayetaka unyamaze.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana. Divai yetu huku inatokana na zabibu hizi hizi tunazozichuma kwa mikono yetu, na mama siku zote alikuwa anatania kwamba anakunywa jasho lake. Safu yake ikasimama kwenda mbele. Mama akabaki amekaa, mikono ndani ya kitenge. Mzee wa kanisa akamwashiria, mama akatikisa kichwa kukataa. Niliona kutoka kwenye kwaya. Midomo yangu iliendelea kuimba lakini sauti haikutoka.

Hajaenda tena mpaka leo.

Siku ya pili yake nikavuka korongo. Nilikuta Bibi Mele amelala kwenye ngozi ndani ya tembe, mlango wazi, mjukuu wake mkubwa anachemsha uji. Nikampa shikamoo. Ya kwanza tangu utoto wangu! Akaitikia marahaba bila kushangaa, kama nilimwamkia jana.

Nikapiga magoti, nikainama kwenye sikio lile lile. Nikasema, "Bibi, nilikudanganya. Yule mhubiri hakusema wewe hapana. Hata swali lako sikumfikishia. Nilimwambia unaumwa magoti. Na yeye alisema Mungu anakupenda, hajakusahau hata siku moja. Mimi ndiye niliyegeuza kwa sababu ya Nyemo."

Aliniwekea mkono kichwani. Ule mkono! Sikuruka.

"Mwanangu," akasema, "wewe una moyo mzuri. Umeona nakufa, umenihurumia."

"Siyo huruma, bibi! Ni kweli!"

"Siku ile hukuwa na huruma na mimi," akasema taratibu. "Ndiyo maana nilikuchagua wewe. Nilijua mwingine yeyote atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe usingeniongezea utamu. Basi siku ile ulisema kweli. Leo una huruma, na mwenye huruma anaongopa."

Nilibisha. Niliapa kwa jina la Mungu, nikaapa kwa kaburi la Nyemo, nikalia mpaka mjukuu akaja kuona kuna nini. Kila nilivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kunibembeleza. Chozi langu lilikuwa ushahidi wake!

Nikampigia mhubiri. Hii ndiyo simu ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilimweleza yote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi siku ile niliombea magoti ambayo hayaumi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nakuja."

Alikuja kweli, na mzee wa kanisa akatafsiri, mimi nikiwa nje ya mlango. Mhubiri akamwambia yote. Akamwambia kwamba mimi nilidanganya, kwamba Mungu anawataka wote waokolewe, na yeye Bibi Mele yumo, yumo kabisa. Mzee akapaza sauti mpaka majirani wakasikia.

Bibi akamshukuru sana mgeni kwa kutoka mbali. Halafu akamwambia yule mzee, "Mmekaa mkakubaliana. Ni vizuri. Mnalea wazee vizuri."

Mhubiri alitoka nje akiwa amevua miwani. Nilidhani atanigombeza. Akaniambia tu kwamba Mungu hategemei mdomo wangu kumfikia mtu, kwamba anazo njia zake, nisijione mkubwa hivyo. Najua alitaka kunifariji. Lakini mimi naishi hapa, yeye anaishi mjini. Mimi ndiye ninayemwona bibi kila asubuhi.

Ndiyo, naenda kila asubuhi. Namwogesha, nampikia uji wa uwele, namgeuza asipate vidonda. Ananikubalia. Juzi nilimwambia kuhusu mama, kwamba amekataa meza ya Bwana. Akakunja uso, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Mwambie mama yako asiwe mjinga," akasema. "Yeye aliniita tu. Mkono ulikuwa wangu. Yeye yumo. Mwambie nimesema yumo."

Nilipompelekea mama maneno hayo alifunika uso kwa kitenge. Kisha akasema, "Mwambie nitaenda siku atakayokwenda yeye."

Ona basi! Kila mmoja anamwambia mwenzake yumo, na hakuna anayekubali kuingia. Na katikati yao ni mimi tena, napeleka maneno huku na huko kuvuka korongo. Sasa nayapeleka kama yalivyo, neno kwa neno, na hayasaidii kitu!

Kanisani nimerudisha maiki. Wamenibembeleza, wakasema nimeshatubu, nimeshaungama, Mungu ameshanisamehe. Huenda. Nikisimama nao nakubali, na nikifika ng'ambo ya korongo sijui tena ninachokubali.

Leo asubuhi nilimkuta Bibi Mele amefumba macho. Nilidhani amelala, nikawa napoza uji. Akaanza kusema kwa Kigogo, taratibu, si kwangu. Alisema, "Na mimi?" Akanyamaza, kichwa amekigeuza kidogo, sikio lake linalosikia kidogo likiwa juu, kama anayesubiri kujibiwa. Baada ya muda akauliza tena, "Na mimi nimo?"

Neno lilikuwa mdomoni kwangu. Nikalimeza, maana sauti yangu ndiyo iliyomwambia hapana. Nikakaa na kikombe mkononi, namwomba Mungu amjibu Yeye mwenyewe, sasa hivi, mimi nikiwa nimenyamaza. Uji ulipoa. Nilipotoka bado alikuwa amegeuza kichwa vile vile.

Ndugu zangu, kila mnaosimama mlangoni kwa Mungu, mnaotafsiri, mnaopokea wageni, mnaopanga nani aombewe na nani asubiri, nawasihi. Mtu unayemchukia anaweza kuja siku moja akuulize wewe, kwa sababu tu anajua hutampaka mafuta. Mpe jibu ulilotumwa, hata kama linakukaba koo. Usimpe la kwako. La kwako ndilo atakaloliamini, na siku utakapotaka kulirudisha hatakupa.